Dalali wa Marekani ananikopesha ninunue hisa: riba yake inakatwaje hasa?

Mwalimu wa Chake
Assalaamu alaykum. Nasomesha skuli hapa Chake Chake. Pesa za karafuu nimezitia kwenye akaunti ya dalali mmoja wa Marekani, dola 4,000. Sasa programu inaniambia naweza kununua hisa za 8,000. Nusu ya pili ni mkopo wa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, rehani ni hisa zenyewe. Nikikaa nazo mwaka mzima, hiyo 12 itanila kiasi gani?

Mkaazi wa Mkunazini
Waalaykum salaam mwalimu. Kazi yangu ni hesabu, basi tuzipige.

4,000 mara 0.12, gawa kwa 360, maana madalali wengi mwaka wao ni wa siku 360. Ni dola 1.33 kwa siku. Jumamosi na Jumapili soko limefungwa lakini riba inahesabiwa. Mwezi wa siku 30 ni dola 40, na kama akaunti haina taslimu, hizo 40 zinaingia kwenye deni nazo zinaanza kuzaa. Mwaka ukiisha zimepita 500. Kwa hivyo hisa zako zipande zaidi ya asilimia 6 ndipo ulipe riba tu, wewe hujapata kitu.

Lakini mimi kinachonitia hofu kwako si hiyo 500. Sheria ya Marekani inakuruhusu kukopa nusu ya bei unaponunua, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1974. Baada ya hapo, fungu lako, yaani thamani ya hisa ukitoa deni, lisishuke chini ya robo ya thamani ya hisa, na madalali wengi wanataka asilimia 30 au zaidi. Kwa 30, hisa za 8,000 zikishuka hadi 5,714, deni ni lile lile 4,000, chako ni 1,714. Hapo watakwambia ulete pesa, na mkataba unawaruhusu kuuza hata bila kukwambia. Soko la New York linafungwa saa 5 au saa 6 za usiku kwetu. Wanauza wewe umelala, na benki ya Chake haifunguliwi mpaka asubuhi.

Bi wa Wete
Kaka zangu, hesabu nzuri, lakini mbona hamjalitaja kubwa? Suratul Baqara aya ya 275: Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Hata ingekuwa asilimia 1. Mwalimu, nunua kwa hizo 4,000 zako.

Mwalimu wa Chake
Ahsante dada, nimekusikia. Nitabaki na zangu. Ila akaunti yenyewe imefunguliwa ya mkopo, nifanyeje?

Mkaazi wa Mkunazini
Waombe waibadilishe iwe ya taslimu. Usiiache hivyo ilivyo, kwani ukiagiza hisa zinazozidi pesa uliyonayo, hata kwa dola 20, inakukopesha yenyewe.