Nyumba ya mawe ya babu, Kisutu: ni urithi au ni kiwanja tu?

Mjukuu wa Kisutu

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la kifamilia, naomba mawazo, hasa ya mafundi na wanaojua majengo ya zamani.

Babu alituachia nyumba ya chini, ya mawe, huku nyuma ya Kisutu, Dar es Salaam. Kuta zake nene hadi shangazi hupandisha miguu dirishani akichambua mchele. Mwaka iliyojengwa hatuujui, babu aliinunua ikiwa imeshazeeka. 1971, majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotaifishwa, hii ilinusurika kwa sababu babu alikaa humo mwenyewe na watoto wake wote.

Warithi tuko tisa. Kaja tajiri na dalali wake: abomoe, apandishe ghorofa, atupe fleti tatu na frem mbili za chini. Saba wameshakubali (moyoni wameshagawana frem). Shangazi hataki hata kusikia. Mimi niko katikati.

Juzi nimepima vyumba. Upana wote unachezea mita mbili na nusu, hakuna kinachofika tatu. Kimoja kina urefu wa mita saba, utadhani korido. Binamu akacheka, eti aliyejenga hakujua kupima. Na ukuta wa upande wa choo, tulioupiga lipu ya saruji 2011, unavimba. Ukiugusa unadondoka unga mweupe, nimeuonja, chumvi tupu. Sasa nyumba kama hii ina thamani gani zaidi ya kiwanja? Au nang'ang'ania mawe tu?

Fundi Chokaa

Mkuu, binamu yako umpe salamu. Kipimo cha huyo mwashi kilikuwa boriti. Boriti za mikoko zilitoka delta ya Rufiji, na ukizitandaza mbali zaidi ya kama mita tatu, kisha uzibebeshe mawe na chokaa, zitapinda. Ndiyo maana chumba kikitaka ukubwa kinarefuka, hakitanuki. Nenda Mji Mkongwe Unguja au Lamu, utakuta vyumba vyembamba hivyohivyo. Je, boriti bado zipo juu au mliweka siling bodi?

Ukuta mmeuua wenyewe. Matumbawe na chokaa hupumua: unyevu unapanda kutoka ardhini, unatokea usoni mwa ukuta, unakauka. Mkiziba kwa saruji, maji yanakosa njia, chumvi inajazana nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Bandueni saruji yote, mwacheni ukuta akauke miezi, msimharakishe. Kisha lipu ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa pipani wiki kadhaa, mchanga usiwe wa baharini. Rangi ya mafuta marufuku, pakeni chokaa.

Mama wa Ilala

Yote hayo mazuri, lakini nani analipa? Warithi tisa hawajawahi kuchangia hata bati. Kaka, kwanza niambie hati ina jina la nani. Kama bado ni la marehemu na hamjateua msimamizi wa mirathi mahakamani, huyo tajiri hana wa kuandikiana naye. Msisaini karatasi ya dalali. Nimeona familia ikipewa fleti za mdomo, mpaka leo wamepanga Mbagala.

Mpenda Magofu

Kwenye sheria usitegemee sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, mengine mpaka yatangazwe. Na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji huu miaka hiyohiyo ya 1860, kwa hiyo mwaka huo unaliacha nje karibu jiji zima! Pita Boma la Zamani, pale Sokoine Drive karibu na boti za Zanzibar. Nalo ni la matumbawe, na ndani kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar. Nenda na picha za boriti na za huo ukuta.

Mjukuu wa Kisutu

Ahsanteni. @Fundi Chokaa, siling bodi ipo. Leo nimetoa kipande kimoja: boriti zimepangwa karibukaribu, zimepakwa rangi nyekundu, na moja imefungwa kamba ya usumba. Shangazi anasema hapo ndipo walipotundika susu la mdogo wake wa mwisho. Sasa huyo mdogo wake ndiye baba wa binamu yangu mcheshi.

@Mama wa Ilala, hati ina jina la babu. Nimemtumia kila mrithi ujumbe: hakuna kusaini. Wawili wamenijibu kwa matusi.

Jumamosi naanza kubandua saruji ya upande wa choo. Shangazi karuhusu, ila nisiguse ukuta wa chumbani kwake mpaka fundi aje, na chai ya fundi nilete mimi.