Pampu ya bafuni inakata mtu akiwa anaoga, fundi akija inafanya kazi. Tatizo ni nini?

Kisima Kirefu:
Habari zenu wakuu. Tenki letu liko kwenye mnara wa kama mita tatu, kwa hiyo maji yakifika bafuni hayana nguvu. Tulifunga pampu ya nusu HP yenye swichi ya presha na kitenki kidogo cha presha, na kwa muda mrefu haikusumbua. Siku hizi mtu anaoga, ghafla pampu inaunguruma bila kuzunguka, kisha inanyamaza na maji yanakata. Ukiigusa mota ni ya moto. Ikipoa inawaka yenyewe. Fundi mmoja alibadilisha swichi ya presha, ikakata tena jioni ile ile. Mwingine alikuja mchana, akafungua koki za jikoni na za nje, ikapiga kazi vizuri, akasema ni nzima. Mama yangu ni mtu mzima, kukatikiwa maji akiwa na sabuni mwilini kunaniumiza. Ninunue mpya?

Mchagga wa Mabomba:
Pole mkuu. Angalia upande wa kuvuta maji, kati ya tenki na pampu. Kiungio kikivuta hewa pampu inakata.

Nyaya Nane:
Mkuu hapo juu, tenki liko juu ya pampu, kwa hiyo kiungio kibovu kingevujisha maji kabla ya kuvuta hewa. Tena hewa ingefanya mota izunguke bila kusukuma maji, na yeye anasema inaunguruma bila kuzunguka. Hiyo ni mota inayoshindwa kuanza. Ile kunyamaza ni kinga ya joto iliyo ndani ya mota, na ndiyo maana ikipoa inarudi.

Mleta mada, usinunue kitu bado. Nijibu: ikikata, ni kitu gani kingine cha umeme kinakuwa kimewashwa?

Kisima Kirefu:
Asante kaka. Nimewauliza nyumbani. Haijawahi kukata wakati wa kufua, hata koki ikiachwa wazi muda mrefu. Inakata wakati wa kuoga tu, na mara nyingi ni hita ya bafuni ikiwa imewashwa.

Nyaya Nane:
Hapo ndipo pa kuchimba. Hita ya wati 5,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 22. Kama imeunganishwa waya mmoja na pampu, volti za pampu zinashuka kila hita inapowaka. Na nguvu ya mota ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti: zikibaki asilimia 85, nguvu inabaki kama asilimia 72. Ikiwa imeshaanza inavumilia. Lakini ukioga maji ni kidogo, swichi inaizima na kuiwasha mara kwa mara, na kila kuwasha ni mtihani upya. Maji yakikata hita nayo inajizima, volti zinapanda, fundi akija hakuna ushahidi.

Mwite fundi umeme apime sehemu mbili hita ikiwa imewashwa: kwenye bodi ya breka na kwenye nyaya za pampu yenyewe. Apime na kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, ila aitoe chaji kwanza kwa sababu hushika umeme hata baada ya kuzima.

Shangazi Tatu:
Mwanangu, wakati mnasubiri fundi, mama aoge kwa ndoo. Mtu asiingie chini ya hita yenye waya wa mashaka. Na muulize fundi kama nyumba ina waya wa ardhi unaofanya kazi, pamoja na breka inayokata umeme ukivuja. Hilo ni kubwa kuliko maji.

Kisima Kirefu:
Shikamoo shangazi, tumefanya hivyo. Fundi amekuja. Hita ikiwashwa, kwenye bodi volti zinatoka 221 hadi 214, kwenye pampu zinaanguka hadi 196. Waya ni wa 1.5 (unene wa milimita za mraba) na umebeba vyote viwili, hita na pampu. Juu ya dari kuna kiungio kimeungua hadi plastiki imekuwa nyeusi. Kapasita imeandikwa 10, inasoma 6.8.

Nyaya Nane:
Basi yote mawili yanasaidiana. Kapasita dhaifu inaanza volti zikiwa nzuri, zikishuka inashindwa. Ukibadilisha kapasita peke yake pampu itapona na kile kiungio kitaendelea kuungua, kwa hiyo anza na waya. Hita ipate laini yake kutoka kwenye bodi, waya wa 6, breka yake. Kapasita mpya iwe na namba ile ile na volti zisizopungua za ile ya zamani.

Kisima Kirefu:
Laini mpya imevutwa na kapasita imebadilishwa. Mama ameoga maji ya moto bila kukatikiwa, na kwenye pampu sasa tunasoma 213 hita ikiwa inawaka. Ila bado naisikia ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache.

Mchagga wa Mabomba:
Hiyo ni hewa ya kitenki cha presha imeisha. Zima pampu, fungua koki maji yaishe, kisha pima kwa geji ya matairi kwenye kile kifuniko cha nyuma. Kama swichi inawasha kwenye bar 1.4, jaza hewa hadi 1.2. Maji yakitokea hapo penye hewa, mpira wa ndani umetoboka, badilisha mpira tu.

Kisima Kirefu:
Geji ninayo, napima kesho asubuhi. Asanteni sana wakuu.