Imeili: nitume HTML (yenye rangi na mapambo) au maandishi matupu?

nyota_njema:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Kila wiki natuma ripoti kwa watu kama 40 hivi, naipamba kweli, jedwali lina rangi, vichwa vikubwa, kwangu inatoka safi kabisa. Jana mmoja kanijibu "mbona umenitumia ukurasa mweupe?" kumbe takwimu zote niliziweka kama picha na programu yake haifungui picha mpaka aruhusu mwenyewe. Mwingine anasema jedwali limebanana hata halisomeki. Sasa nirudi kwenye maandishi matupu au nifanyeje?

fundi_seva:
Pole mkuu. Huna haja ya kuchagua, imeili moja inabeba zote mbili. Toka MIME (kanuni ya muundo wa imeili) ilipokuja 1992 kuna kitu kinaitwa multipart/alternative, yani ujumbe uleule unakaa mara mbili, matupu yanatangulia HTML inafuata, halafu programu ya mpokeaji inachukua ya mwisho inayoiweza. Shida watu wengi wanaiacha sehemu ya matupu ijitengeneze yenyewe, ukiifungua unakuta "bofya hapa" na linki haipo! Iandike mwenyewe, linki iweke nzima kuanzia https. Na takwimu ziwe maandishi, sio picha, hilo usilifanye tena.

Bi_Nukta:
Kuhusu jedwali kubanana, muulize kama anatumia Outlook ya Windows ile ya zamani (classic), kuanzia toleo la 2007 inachora HTML kwa injini ya Word, amri nyingi za mapambo (CSS) haizielewi.

mzee_wa_teminali:
Mimi nasimama na matupu. HTML ndo inayoficha kipicha cha pikseli moja cha kujua umefungua saa ngapi, ndo inayoonyesha linki ya benki huku ikikupeleka kwingine, na 2018 ile mbinu ya udukuzi iitwayo Efail ilitumia HTML hiyohiyo kuvujisha imeili zilizosimbwa. Kama ripoti ni aya tatu na namba tano, jedwali la nini? Ila usipange safu kwa spesi, fonti ya mwenzio ikiwa tofauti zinapinda zote.

nyota_njema:
Asanteni sana. Nimejitumia ya matupu nikaifungua kwenye simu, mistari inakatika vibaya, mmoja mrefu mmoja una maneno mawili tu??

fundi_seva:
Umebonyeza enta kila mwisho wa mstari. Bonyeza mwisho wa aya tu, simu itakunja yenyewe.