Tishati za mastaa wa Bollywood zikienda Mumbai, naweza kushtakiwa?

FundiTishati001
Salam wadau. Mimi nachapisha tishati na kava za simu hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Kuna mzee wa Kihindi, mteja wangu wa zamani, kaniletea oda nene ya tishati za Amitabh Bachchan na Anil Kapoor apeleke Mumbai ndugu zake wauze dukani. Picha nimenunua kihalali kwa mwenye kuzipiga, risiti ninayo, na pesa ya kuanzia nishapokea. Sasa jana mtu kanitisha ati kule ukiuza sura ya staa bila ruhusa yake waburutwa kortini. Ni kweli ama ananitoa roho tu?

KijanaWaTudor
Kaka simamisha kwanza. Nasomea sheria na hii mada naifuatilia sana. Mpiga picha kakuuzia haki ya picha yake, lakini uso wa Amitabh hawezi kukuuzia manake si wake. India hawana sheria moja iliyoandikwa ya haki ya sura, majaji ndo wameijenga kesi kwa kesi, wakishika kifungu cha 21 cha katiba yao ambacho faragha imo ndani yake, alafu wakaongeza ile kanuni ya kutomhadaa mnunuzi akadhani staa mwenyewe kaidhinisha bidhaa.

Kesi inayokugusa wewe hasa ni ya Daler Mehndi, yule mwimbaji wa bhangra mwenye kilemba. Kulikuwa na duka la zawadi likiuza madoli yaliyofanana naye kabisa, na yaimba vipande vya nyimbo zake. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Delhi ikawazuia na kuwaamuru walipe rupia 100,000. Ona, ni duka la zawadi tu, si kampuni kubwa. Amitabh naye alipata oda yake ya korti, ya kuzuia watu wasimtumie bila ruhusa, Novemba 2022 na katika vitu alivyolalamikia tishati zenye uso wake zilikuwemo. Anil Kapoor akafuata Septemba 2023, jina, sauti, picha, mpaka ule msemo wake wa "jhakaas". Yani hao wawili uliowachagua ndo wenyewe!

BinKibokoni
Mimi hapo sikubali. Matatu zetu zimejaa sura za mastaa na hakuna aliyeguswa. Staa kawa staa kwa sababu sisi watu tumempenda, sasa fundi akipata riziki ndogo kwa huo umaarufu kosa liko wapi?

KijanaWaTudor
Hoja yako ina uzito na majaji wa kule wameizungumza. Kwenye kesi hiyo hiyo ya madoli korti ilisema kejeli na vikatuni havizuiwi hivi hivi. Na 2023 kampuni moja ilitaka kumzuia mwenzake asitumie majina, michoro na takwimu za wachezaji kriketi, Delhi ikakataa, habari iliyo wazi kwa umma ni ya kila mtu. Lakini tishati ya uso mtupu haina habari wala kejeli ndani yake, kinachouzwa ni uso.

BintiWaTaarab
Hili la sauti ndo laniuma mie, naimba maharusini. Nimesoma Arijit Singh, yule mwimbaji wa India, alipata oda Mahakama Kuu ya Bombay Julai 2024 dhidi ya zile programu za AI zinazogeuza sauti ya mtu yeyote iwe kama yake. Sawa, yeye ana mawakili. Mie kuna saluni ilichukua video yangu nikiimba harusini wakaiweka kwa tangazo lao la hina, hawakuniuliza na nilipowaandikia wakanyamaza. Sisi huku tuna pa kwenda?

KijanaWaTudor
Dada upo ulinzi. Sheria yetu ya Kenya ya kulinda data ya 2019, kifungu cha 37, yakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake, na sura yako ni data yako. Peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ana siku 90 kuyamaliza. Mwaka 2023 kilabu kimoja Nairobi kilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja. Piga skrinshoti leo leo, jina la akaunti na tarehe zionekane, kabla hawajaifuta.

FundiTishati001
Shukran sana. Nimempigia mzee, nimemwambia alete ruhusa kwa maandishi ama tubadilishe disaini, kakubali tubadilishe. Sasa auliza, tukiandika "jhakaas" peke yake bila sura, yapita?

KijanaWaTudor
Kwa mzigo unaokwenda Mumbai usiliguse. Limetajwa ndani ya ile oda ya korti ya Anil Kapoor.