Filamu fupi ya chapa ya mavazi na makala ya mafundi, kazi moja siku mbili hapa Dar: mnapangaje?

Lenzi_Temeke

Habari wakuu,

Kuna kazi ya mbunifu wa mavazi wa hapa Dar. Ana nguo 6 mpya na anataka vitu viwili: filamu ya sekunde 90 ya kutangaza chapa, na filamu ya makala ya kama dakika 12 kuhusu mafundi wanaozishona. Nguo zenyewe ni magauni 2 ya khanga, suti ya kitenge, gauni la shifoni, shati la kikoi chenye mistari myembamba, na kanzu nyeupe ya kisasa. Sehemu ni ufukwe wa Coco na karakana ya ushonaji Kariakoo. Kamera moja ya sensa kamili (sensa ni kile kipokea mwanga cha ndani ya kamera), 4K ya biti 10, lenzi za milimita 35, 50 na 85, taa 2 za LED.

Majaribio yameonyesha shida tatu. Shati la kikoi linacheza mawimbi ya rangi ambayo kwenye kitambaa hayapo. Karakana ina michirizi ya giza inayopanda kwenye picha tukirekodi fremu 60 kwa sekunde. Na wekundu wa khanga unatoka bapa, maua yaliyomo ndani hayaonekani. Pia naomba ushauri: filamu zote mbili zipigwe kwa pamoja, au kila moja na ratiba yake?

---

FremuIshirini5

Karakana kwanza, maana ndiyo nyepesi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu na LED za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Fremu 60 kwa shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/120 ya sekunde haziendani na mzunguko huo, kila fremu inakamata kipande chake, ndiyo hiyo michirizi. Rekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50. Ukitaka mwendo wa polepole, fremu 50 kwa 1/100. Taa zako zenye dima (kipunguza mwanga) zipime peke yake: ishushe dima hatua kwa hatua ukitumia shata ileile utakayofanyia kazi, kwa sababu dima nyingine zina mpepeso wao usiohusiana na umeme wa ukutani.

Kikoi: mistari ya kitambaa ikishakaribia wembamba wa vitundu vya sensa, kamera inazua mchoro wake yenyewe. Sogea mita moja mbele au nyuma, au mgeuze mwanamitindo kidogo mistari isikae sambamba na sensa. Fungua lenzi ili fokasi ikae usoni na shati lilainike kidogo. Kwenye kamera nyingi fremu za kasi zinaongeza tatizo kwa kuwa sensa inaruka baadhi ya mistari, kwa hiyo shati hilo libaki kwenye fremu 25. Halafu kabla ya kukata tamaa kuza picha hadi asilimia 100. Monita ndogo nayo huzua mawimbi yake wakati faili halina kasoro yoyote. Yakishaingia kwenye faili, kuyatoa wakati wa kuhariri ni kazi ya kulia, usiiachie huko.

Kuhusu mwendo: shifoni inapendeza sana kwa fremu 100 ikichezwa kwa 25, hewa inaonekana ikipita ndani yake. Kitenge usikifanyie hivyo. Ni pamba ngumu yenye uzito, ukiipunguza kasi mara nne inaonekana kama bati linalogeuzwa. Fremu 50 ndiyo mwisho wake, na suti ikitembea kwa kasi ya kawaida inaonyesha mkato wa fundi vizuri zaidi.

Urefu wa kamera ndio unaosahaulika kila siku. Kwa picha ya mwili mzima kamera ikae usawa wa kiuno. Ukiipiga kutoka usawa wa macho miguu inafupika na pindo la chini linajikunja kimacho. Lenzi ya 35 usiikaribishe mwilini chini ya mita 2, inatanua nyonga na kuharibu mshono ambao mteja anaulipia. Kwa lenzi ya 50, picha ya kulala inahitaji mita 5 ili mtu aingie kichwa hadi kisigino, na hapo anachukua kama moja ya sita tu ya upana wa picha. Simamisha kamera wima: mita 3 zinatosha na nguo inajaza fremu. Kwa hiyo picha kuu ya kila nguo ipige mara mbili, ya kulala na ya wima. Usitegemee kukata wima kutoka kwenye ya kulala.

---

Kusi_na_Kaskazi

Coco mpange kwa jua. Bahari yetu iko mashariki. Asubuhi, kamera ikitazama majini, jua linakuwa nyuma ya mwanamitindo. Hapo piga shifoni, kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 kasoro. Mvalishe shimizi ya rangi ya ngozi yake, la sivyo mwanga utachora mwili wote. Jioni mambo yanageuka: jua linatoka upande wa barabara, linampiga usoni na bahari inabaki nyuma yake. Hapo ndipo khanga inapotoa rangi yake yote. Anzeni saa 10 na nusu, msingoje jua lizame, maana miti na majengo ya upande wa nchi kavu yanaleta kivuli mchangani mapema.

Kati ya saa 5 na saa 9 mkae ndani. Mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba jua hapa linapita karibu kabisa juu ya utosi, macho yanakuwa mashimo na kofia yoyote inafunika uso mzima.

Angalieni jedwali la maji kabla ya kuchagua tarehe. Maji yakijaa siku za bamvua sehemu ya kusimama inabaki nyembamba, yakipwa miamba inajitokeza na gauni refu linanasa. Upepo wa baharini huongezeka mchana, asubuhi huwa mpole. Ukiwa mkali, shona vipande vidogo vya risasi ya nyavu, hata gramu 5 kila kimoja, ndani ya upindo wa shifoni. Linapepea bila kumfunika mtu uso. Na Jumapili msijaribu, watu ni wengi mno.

Kibali anzieni Bodi ya Filamu Tanzania. Droni ina kibali chake cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kisichanganywe na hicho cha kwanza. Mkitamani pia picha za Magogoni na Kivukoni, kumbukeni Ikulu iko hapo. Kamera isielekezwe huko.

---

RangiHalisi

Wekundu wa khanga: mwanga wa jumla ulikuwa sawa, ndiyo maana hamkushtuka. Kilichojaa ni mkondo mwekundu peke yake. Ukitazama grafu ya mwanga wa jumla kila kitu kinaonekana salama, huku wekundu umegonga dari na tofauti kati ya ua na usuli wake imekwisha. Washa grafu ya rangi tatu, punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu moja kamili (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), uangalie tena. Buluu ya kitenge nayo hufanya hivyo chini ya taa za LED.

Taa zenu nazo zichunguzeni. Taa inaweza kuandikwa namba nzuri ya ubora wa rangi kwenye boksi na bado ikawa dhaifu kwenye wekundu mzito, na wekundu huo huo ndio unaobeba uhai wa ngozi nyeusi. Ikiwa dhaifu, khanga inaelekea kahawia na uso unaelekea kijivu kwa pamoja. Dirisha la karakana linaweza kuwa taa bora kuliko zote mlizonazo.

Kanzu nyeupe juu ya ngozi nyeusi: pimia kanzu isiungue, kisha mrudishie mtu mwanga usoni kwa ubao mweupe wa styrofoamu wa futi 4 kwa 8, umekaa ubavuni, mita moja na nusu kutoka kwake. Ngozi ikae kati ya asilimia 35 na 50 kwenye grafu. Msimimine taa ya mbele ili "aonekane". Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao mpana wa pembeni, na mwanga huo huo wa pembeni ndio unaoonyesha ufumaji wa kitambaa. Jasho lipanguswe kwa karatasi ya kufyonza, poda ikizidi inaacha majivu.

Kila mwanga ukibadilika, rekodi kadi ya rangi kwa sekunde 5. Halafu mwombeni fundi mabaki ya kila kitambaa, kipande cha sentimita 20, kiende kwa mhariri kwenye bahasha yenye namba ya nguo. Mhariri wa rangi asiyewahi kukishika kitambaa anakisia, na mteja atakayeletewa gauni la rangi tofauti na ya kwenye video hatarudi dukani.

---

UziNaPicha

Msizipige kwa pamoja. Filamu ya chapa inataka kila kitu kisimame, kipigwe pasi, kirudiwe. Makala inataka fundi asikatizwe. Ukimwambia fundi arudie kukata kitambaa kwa sababu ya taa, umeshapoteza makala, na pengine kitambaa pia.

Filamu ya chapa ipewe siku moja. Nguo 6, kila moja dakika 60 pamoja na kuvaa: mwili mzima kulala na wima, kiuno hadi kichwa, mgongo, mikono, upindo, mshono mmoja wa karibu. Kama vipande 8 vinavyofaa kwa kila nguo vinajaza sekunde 90 na chenji inabaki. Meza ya mavazi iwe na pasi ya mvuke, pini, bana za kukaza nguo mgongoni, gundi ya pande mbili, uzi wa kila rangi na roli ya kuondoa nyuzi. Piga picha ya simu ya kila nguo kabla haijavuliwa: vifungo vingapi vimefungwa, mkono umekunjwa wapi.

Makala isianze siku ya pili. Ianze wiki kadhaa kabla, nguo zikiwa bado vitambaa. Chagua nguo moja tu, mfano suti ya kitenge, uifuate: kupima, kuchora kwa chaki, kukata, kulinganisha maua ya kitenge kwenye mshono wa kati, kuvalishwa mara ya kwanza na kurekebishwa. Kule kuvalishwa ndiko kuna tamthilia, mbunifu na fundi wanabishana juu ya sentimita 2 za bega. Filamu ya makala *Dior and I* ya Frédéric Tcheng ya 2014 imesimama juu ya uti wa mgongo huo huo: mbunifu Raf Simons ana kama wiki 8 za kuandaa mkusanyiko wake wa kwanza wa mavazi ya hali ya juu (haute couture) pale kwenye nyumba ya mitindo ya Dior, na wanaoibeba filamu ni mafundi wa karakana. Mafundi wa Kariakoo wana tarehe za kukabidhi kama hizo, ukaribu wa sikukuu ukiongeza joto.

Sauti: mahojiano yafanyike cherehani zikiwa zimezimwa, kisha rekodi cherehani peke yake, kanyagio likianza, likikaza, likisimama. Kwa filamu ya chapa rekodi nguo baadaye kwenye chumba kilichofungwa, feni imezimwa, maiki sentimita 25 kutoka kwenye kitambaa.

Mkataba uandikwe mapema kwamba mbunifu akilipia makala, nani ana neno la mwisho kwenye uhariri. Malipo ya mwanamitindo yataje majukwaa na muda, mfano miezi 12. Fundi naye asaini ridhaa na alipwe, sura na ujuzi wake vinatumika. Wimbo wa Bongo Fleva hauingii bila idhini ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na redio inayolia karakanani ni wimbo vilevile. Omba izimwe kwa upole kabla ya kurekodi.

---

Lenzi_Temeke

Ahsanteni sana wakuu, makala tunaitenga. Swali la mwisho: mbunifu anataka jina la khanga lisomeke kwenye filamu, lakini gauni la kwanza lilivyokatwa nusu ya maneno imeingia kwenye mshono.

---

PindoNaMji

Hilo ni la fundi kabla ya kuwa la kamera, ndugu yangu. Doti ina khanga mbili, kwa hiyo majina ni mawili. Moja likatwe zima kwa ajili ya sketi ya nyuma, chini kidogo ya kiuno, pensi zote (mikunjo inayoshonwa kubana nguo mwilini) zipite pembeni yake. La pili liwe akiba ya mbele au la mtandio. Fundi alitandike jina mezani kwanza, ndipo achore sketi kulizunguka.

Kwenye kamera, mwanamitindo atembee akienda mbali, lenzi ya 85, hatua fupi. Akipiga hatua ndefu kitambaa kinajikunja katikati ya sentensi. Maneno matano yapewe sekunde 3 bila kukatwa. Fokasi ikae kwenye maandishi, isikae kisogoni. Na mwambie mhariri asigeuze klipu hiyo kushoto kulia ili iendane na inayofuata, maandishi yatasomeka kinyumenyume. Kama uelekeo wa mwendo ni muhimu, pigeni mara mbili palepale, akienda kulia na akienda kushoto.