MJADALA: Albamu ya kwanza ya Katy Perry ni ya 2001 au ya 2008?

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna mdau kaandika kwamba Katy Perry, mwimbaji wa pop wa Marekani, alianza na One of the Boys ya 2008. Mwingine kamrukia: hapana, alianza na Katy Hudson ya 2001. Wameishia kutupiana maneno na hoja yenyewe haijaguswa. Tuijadili, maana yeyote anayetunza kumbukumbu za wasanii atakutana nayo tu.

Kwa wasioijua hadithi: Katy ni mtoto wa wachungaji wa Kipentekoste wa Santa Barbara, California, na jina lake la kuzaliwa ni Katheryn Hudson. Mwaka 2001, akiwa kijana wa miaka 16 hivi, aliachia albamu ya nyimbo 10 kupitia Red Hill Records, lebo ya muziki wa Kikristo. Nyimbo kama "Trust in Me", "Search Me" na "Faith Won't Fail". Iliuza nakala chache mno, makadirio yanayotajwa hayafiki hata elfu moja, na lebo ikafunga milango mwaka huohuo. Baadaye akachukua ubini wa mama yake, Perry, ili asichanganywe na mwigizaji Kate Hudson. Akasainiwa na lebo ya Island Def Jam, akatemwa. Akaenda lebo ya Columbia, akatemwa tena. Capitol ndio waliomtoa 2008 na "I Kissed a Girl", ikakaa wiki saba kileleni mwa Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani.

Msimamo wangu: ya kwanza ni ya 2001.

Hoja ninayoisikia zaidi upande wa pili ni ya jina, kwamba "Katy Perry" hakuwepo 2001. Sawa, lakini aliyeimba ni nani? Wasanii wangapi wamebadili majina na bado tunawahesabia kazi zao za nyuma? Kama jina linakukera, andika kwamba One of the Boys ni albamu ya kwanza kwa jina la Katy Perry. Hiyo ni kweli tupu na haimfuti yule binti wa 2001.

Hoja ya mauzo ndiyo dhaifu kuliko zote. Albamu kudoda sokoni hakuigeuzi kuwa demo (rekodi ya majaribio). Ilirekodiwa, ikapigwa kava, ikawekwa sokoni na lebo. Tofautisha na albamu alizorekodi akiwa Island Def Jam na Columbia: zile ziliishia kabatini, kwa hiyo hazihesabiki hata kama nyimbo zilivuja. Mstari wangu uko hapo, je, umma uliuziwa au haukuuziwa?

Wengine wanasema ile ilikuwa ya kumtukuza Mungu na hii ni ya kidunia, hivyo ni wasanii wawili tofauti. Huku kwetu tumewaona wengi wakihama kutoka madhabahuni kwenda jukwaani, na wengine wakirudi. Aina ya muziki inaandikwa kwenye safu yake, haipunguzi hesabu ya albamu. Na hapo kwenye aina napo kuna kosa: wengi wanaiandika "gospo" na kuishia hapo. Isikilize. Ni magitaa ya roki na sauti ya kijana anayepambana na hofu zake mbele za Mungu. Marekani, gospo ni mkondo wa makanisa ya watu weusi, na Billboard wana chati yake mbali na ile ya albamu za Kikristo. Mimi ningeandika "pop-roki ya Kikristo".

Tarehe nayo ina utata. Wapo wanaoandika Machi 2001, wapo wanaoandika Oktoba. Andika mwaka, kisha weka wazi kwamba mwezi una mgongano. Kuchagua mmoja kwa sababu safu inadai kujazwa ni kupika kumbukumbu.

Madhara ya kuiruka yanaonekana mbele: Teenage Dream ya 2010 kuna wanaoiita ya pili na wanaoiita ya tatu, na Prism ya 2013 ikafuata mkanganyiko huohuo. Alanis Morissette, mwimbaji wa Kanada, yalimkuta hayahaya. Dunia ilimjua kwa Jagged Little Pill ya 1995, wengi wakadhani ndiyo ya kwanza, kumbe alishatoa mbili Kanada, 1991 na 1992. Ya Björk, mwimbaji wa Iceland, ndiyo kali zaidi: 1993 alitoa albamu akaiita kabisa Debut (yaani kazi ya kwanza), wakati alishatoa nyingine Iceland mwaka 1977 akiwa mtoto!

Kwa hiyo anayeshikilia 2008 aje na kigezo kimoja tu kinachoitoa Katy Hudson, lakini kikitumika kwa Alanis kisizitoe zile mbili za Kanada. "Lebo haikuwa kubwa" sikubali. Jukwaa lenu.