Pini ya triga inatoka yenyewe, kiwanda kinanijibu "ni kawaida kwa bei hii"

Wakuu, mnivumilie, leo sina lugha laini.

Nina bunduki ya nusu-otomatiki ya mtindo wa AR-15, ile ya bei nafuu, niliyoitoa mpya kwenye boksi. Nikipiga magazini mbili tatu, pini ya triga, kile kijiti cha chuma ambacho triga inazungukia, inaanza kutembea. Inachomoza upande wa kushoto, unene wa ukucha hivi. Naisukuma kwa kidole gumba, inarudi ndani bila ubishi wowote. Nikiendelea kupiga, inachomoza tena. Nimewaandikia waliotengeneza, nikatuma picha na maelezo yote. Wakanijibu kwamba hali hiyo ni ya kawaida kwa bunduki za bei hii, ninunue pini maalumu za kuzuia kutembea, kwa pesa yangu.

Kawaida ya nani?

Wanaozijua hizi bunduki wanaelewa kwa nini nimechukia. Pini za pale ni mbili, moja ya triga na moja ya nyundo (kile chuma cha ndani kinachopiga ili risasi ifyatuke), na zote zina kipenyo cha inchi 0.154, karibu milimita 3.9. Hazina kichwa, hazina nati, hazikazwi na chochote. Ya nyundo inashikwa na kijispringi kilichomo ndani ya nyundo yenyewe, kinachokamata mfuo wa katikati ya pini. Ya triga inashikwa na mguu mmoja wa springi ya nyundo, unaolala juu ya pini na kukaa kwenye mfuo ulio karibu na ncha. Basi. Triga nzima inategemea huo mguu mmoja wa waya na tundu lililotobolewa kwa kipimo sahihi. Ukimpa kazi hiyo mtu anayefanya bora liende, matokeo ndiyo haya.

Na pini hiyo ikihama, triga nayo inakaa upande. Sehemu inayoikamata nyundo haikutani nayo inavyotakiwa. Bunduki inaweza kugoma kufyatua. Mbaya zaidi, nyundo inaweza kuachia wakati hujaigusa triga, au risasi ya pili ikafuata ya kwanza bila wewe kutaka. Sefti, ile swichi ya usalama, nayo usiiamini, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mkia wa triga usiinuke, na triga iliyolegea haina uhakika hata wa mahali mkia wake ulipo. Sasa mtu aliyekaa ofisini ananiambia nizoee?

Niliifungua. Kwanza nikatoa magazini, nikavuta bolti nyuma, nikakagua chemba kwa macho na kwa ncha ya kidole, risasi zote nikaziweka chumba kingine. Nikatenganisha sehemu ya juu na bodi ya chini, ile inayobeba triga na nyundo. Nyundo niliishusha taratibu huku nimeizuia kwa kidole gumba, maana ukiiachia ikagonga bodi tupu unaharibu alumini. Nilichokikuta humo ndani kimenitia hasira kuliko hata lile jibu lao: mguu wa springi haukuwa kwenye mfuo. Ulikuwa umelala pembeni ya mfuo, kwenye chuma laini cha pini, haushiki chochote. Bunduki imeunganishwa hivyo, ikapita kwenye meza ya ukaguzi, ikatiwa muhuri, ikauzwa.

Nikaurudisha mguu mahali pake. Pini ikawa haitoki haraka kama mwanzo, lakini bado ilikuwa inacheza. Nikaitoa, nikatia pini nyingine nzima iliyopimwa kwa kalipa. Ikacheza vilevile. Ukiangalia tundu kwa tochi, rangi nyeusi imekwanguka upande mmoja, alumini nyeupe inaonekana, na tundu limeanza kuwa la yai. Kwa hiyo pini haina kosa. Tundu lilitobolewa pana tangu mwanzo, pini ikawa inazunguka humo kila nyundo inapopiga, ikazidi kulila.

Kabla hamjaanza kunishauri, gundi ya nyuzi sitii. Ile gundi imetengenezwa kwa skrubu yenye nyuzi, siyo pini laini inayozunguka, na tone moja likiteleza likaingia kwenye triga au sefti umejitafutia balaa jipya. Kugonga kingo za tundu kwa nyundo ya fundi ili libane, sitaki pia. Unabana mdomo tu, ndani pana vilevile, na bodi umeipasua au umeipinda. Na anayesema nizungushie utepe kwenye pini, huyo naomba akae mbali na bunduki yoyote.

Zile pini za kuzuia kutembea sizidharau. Zinafungwa kwa nje, nyingine zina vipande vinavyounganisha pini mbili ili hata kuzunguka zisizunguke, na kwenye bodi yenye matundu mazuri ni kitu cha maana. Ila kwenye tundu lililoliwa zinazuia pini isitoke pembeni, basi, ile nafasi inabaki. Triga itaendelea kuyumba, tofauti ni kwamba sasa huioni ikiyumba. Kiwanda kinaniuzia pazia.

Na nadhani najua kwa nini hawataki kukubali. Springi wangeituma kwa bahasha. Lakini bodi ya chini ndiyo iliyochongwa namba ya bunduki, kwa hiyo kuibadilisha ni kubadilisha bunduki yenyewe, na makaratasi yake yote. Ndiyo maana muuzaji ananisukuma kwa kiwanda, kiwanda kinanirudisha kwa muuzaji.

Bei nafuu naielewa. Nilijua rangi itakwanguka mapema, kitako kitapiga kelele, na triga itakuwa nzito, inakwaruza kama ina mchanga. Hayo niliyakubali nilipolipa, wala silalamiki. Tundu la pini ya triga halimo kwenye orodha hiyo. Kulitoboa kwa kipimo hakuhitaji chuma cha anasa, kunahitaji kubadilisha ncha ya kutobolea ikichakaa na mtu wa kupima.

Bunduki imefungwa kabatini, haipigwi. Fundi silaha niliyempelekea ameiangalia na kuniandikia vipimo vya matundu yote manne, ya triga na ya nyundo, kulia na kushoto. Nimewatumia na hayo, nataka bodi nyingine au pesa yangu.

Wenye bunduki za daraja hili, ikaguliwe ikiwa tupu: sukuma ncha ya pini ya triga kwa kidole, pande zote mbili. Kama inasogea, andikeni hapa inatoka upande gani na mmejibiwa nini.